'Mfuata mvua', 'madoadoa' na siasa za darasani

MWAKA wa 2019 nilialikwa kuzungumza na watahiniwa wa Kidato cha Nne katika shule moja viungani mwa Nakuru kuhusu riwaya ya Chozi la Heri. Nilikuwa nimefika pale Ridhaa, angali mtoto, anapoitwa 'mfuata mvua' na mwanafunzi mwenzake kwa sababu wazazi wake walihamia eneo hilo kutoka kwingine. Nikaanza kueleza istiari. Mvulana aliyeketi nyuma karibu na dirisha akainua mkono: "Mwalimu, si hiyo ni madoadoa tu? Mbona hawasemi hivyo?"

Darasa likacheka, kisha likanyamaza ghafla. Mwenyeji wangu akaniokoa, au akadhani ananiokoa, kwa kusema hilo halitahiniwi, tusonge mbele na maudhui ya ukabila.

Tukasonga. Ila swali la kijana yule limenikaa. Watahiniwa wa mwaka ule walikuwa watoto wa miaka sita hivi mapema 2008, wakati uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ulipogeuka kambi ya maelfu ya watu waliofurushwa makwao. Baadhi yao huenda walilala humo. Wengine huenda jamaa zao walijua waliowasha moto. Na wote wameketi dawati moja wakisubiri mwalimu aseme kipi kinatahiniwa.

Shule zetu za upili hazina somo liitwalo Siasa. Lililo karibu ni Historia na Serikali, ambalo katika mfumo wa 8-4-4 mwanafunzi anaweza kuliacha afikapo Kidato cha Tatu. Humo anasoma Katiba ya 2010, mihimili mitatu ya serikali, ugatuzi, uchaguzi. Ni somo zuri, silidharau. Lakini linafundishwa kwa Kiingereza na kujibiwa kwa hoja fupi fupi, hoja moja alama yake. Akitoka hapo ashuke mjini siku ya mkutano wa hadhara pale Afraha, atakuta siasa yenyewe inasemwa kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama iliyochanganywa na Kiswahili. Serikali ameisoma kwa lugha moja, siasa anaisikia kwa nyingine. Anaweza kukutajia majukumu ya Seneti bila kusita, ilhali hajawahi kufunzwa kupima sentensi ya mtu aliyesimama juu ya gari na kipaza sauti mkononi.

Pengo hilo, kwa maoni yangu, limezibwa na Fasihi ya Kiswahili, na si kwa kupangwa. Kiswahili ni cha lazima. Kila mtahiniwa, awe anataka kuwa daktari au fundi, amepitia Mstahiki Meya, Kidagaa Kimemwozea, Kigogo au Chozi la Heri, kutegemea mwaka wake. Wa sasa wana Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, yenye Waketwa na Wakule na mtemi asiyetaka kung'atuka. Vyote hivi ni vitabu vya siasa. Ndiyo maana ninasema kitabu teule kikikwepa neno, hasara si ya fasihi pekee.

Hebu tulitazame neno lenyewe. 'Mfuata mvua' limeundwa kama mla riba au mpiga mbizi: kiambishi m-, kitenzi, kisha kijalizo chake. Linabaki katika ngeli ya A-WA. Anayetajwa ni mtu, tena mtendaji: ameona mvua, ameifuata. Ni tusi, naam, kwa sababu mwenye kufuata mvua si wa hapa, na kiangazi kikija anatarajiwa arudi alikotoka. Lakini bado ni mtu anayeweza kurudi.

'Madoadoa' ni jambo jingine kabisa. Doa li katika ngeli ya LI-YA. Likirudiwarudiwa, linakuwa vijidoa vilivyotapakaa juu ya kitu ambacho, bila hivyo, kingekuwa safi. Neno hili limesikika katika siasa za Bonde la Ufa tangu mapigano ya miaka ya 1990, yaliyoivuruga Molo, Olenguruone na Njoro. Linapomwangukia binadamu linamtoa katika ngeli ya watu na kumtupa katika ngeli ya vitu. Isitoshe, neno huja na kitenzi chake. Doa huondolewa, hufutwa, huoshwa. Vivyo hivyo 'kwekwe', tusi jingine la majukwaani: kwekwe hung'olewa. Mzungumzaji hahitaji kutoa amri. Msikilizaji ana Kiswahili cha kutosha kujijazia kitenzi.

Hili ndilo kijana wa dirishani alilolisikia ambalo mimi, na shahada zangu, nilikuwa nalipita. Aliona kwamba mwandishi, Assumpta Matei, ametupa tusi lenye makali yaliyopunguzwa. Sisemi riwaya ni ya woga. Haikwepi suala la ardhi na ukoloni; inamfanya jirani, Mzee Kedi, ahusike katika maangamizi ya aila ya Ridhaa; haiwasitiri wasomaji yaliyowapata mabinti za Kaizari. Katika matendo ni katili kweli kweli. Katika lugha ya wachochezi ndimo inamojizuia. Tunaona nyumba ikiteketea, lakini sentensi iliyotangulia kiberiti hatuisikii vizuri.

Najua utetezi wake. Kitabu cha shule sharti kiidhinishwe. Tena nchi ya kubuni kama Wahafidhina inawapa nafasi mtoto wa aliyechomewa na mtoto wa aliyechoma kusoma ukurasa mmoja bila kutazamana kwa jicho la pembeni. Nimeliona hilo Nakuru na sitalibeza. Pengine bila pazia hilo darasa lile lisingekuwa na mazungumzo yoyote. Ila pazia ni la kufunguliwa wakati fulani, na mwenye kamba ni mwalimu. Mwandishi amemwachia 'mfuata mvua' kama mlango. Mwalimu, akiwa na mwongozo mkononi, anaandika ubaoni "Ukabila: Ridhaa aliitwa mfuata mvua", anapigia mstari, anaendelea na sifa za wahusika.

Wakati huohuo nje ya darasa neno halikukoma. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alikamatwa baada ya kusema jukwaani Eldoret kuhusu kuondoa madoadoa. Alijitetea kwamba hakueleweka. Aprili mwaka huohuo Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ikatoa orodha ya maneno ya chuki. Madoadoa na kwekwe yalikuwamo. Orodha ina faida yake kwa polisi. Kwa msemaji wa Kiswahili haitoshi, maana kesho jukwaa litapata neno jingine la ngeli ya LI-YA au I-ZI, lisilo kwenye orodha, na kazi itafanywa na kitenzi kilekile.

Mtihani wa KCSE chini ya 8-4-4 utafanywa mara ya mwisho 2027. Sekondari Pevu ina somo la Historia na Uraia, la kuchagua, katika mkondo wa Sayansi ya Jamii. Kiswahili kimebaki cha lazima. Kwa hiyo mzigo utaendelea kuwa wetu, tupende tusipende.

Lau ningepewa kutunga swali moja la Karatasi ya Tatu kabla ya hapo, nisingeomba maudhui wala sifa sita za Ridhaa. Ningeuliza: "Mfuata mvua, doa, kwekwe. Taja kitenzi ambacho kila neno linakiita, kisha ueleze ni nani anayetarajiwa kukitenda." Alama kumi. Yule wa dirishani angezipata zote.