Nani Shahidi wa Kiapo? Ukristo katika Wimbo wa Taifa la Kongo

Aghalabu husemwa kwamba taifa la Kongo liliasisiwa na Ukristo. Wenye rai hii hutaja shule za misheni zilizomlea Patrice Lumumba, seminari aliyosoma Joseph Kasa-Vubu, na ilani ya mwaka 1956 ya kundi la Conscience Africaine, ambamo Padri Joseph Malula alishiriki. Wapinzani wao hujibu kwamba misheni zilikuwa mhimili wa serikali ileile ya kikoloni iliyomfunga Simon Kimbangu mwaka 1921, naye akafia kifungoni Elisabethville mwaka 1951. Pande zote mbili hupima historia. Ni nadra kulisoma andiko ambalo taifa lilijitangaza kwalo, yaani wimbo wa taifa, Debout Congolais.

Maneno yake yalitungwa na Mjesuiti, Simon-Pierre Boka, kwa ajili ya uhuru wa 1960. Msomaji angetarajia Mungu atajwe. Hatajwi hata mara moja. Hata hivyo msamiati ni wa madhabahuni: wimbo ni mtakatifu, siku ya uhuru ni takatifu, nchi ni zawadi iliyobarikiwa. Lakini zawadi hiyo ni ya mababu, na shahidi wa kiapo cha uhuru ni siku yenyewe, 30 Juni. Kwa maoni yetu, Boka aliliazima taifa lugha ya Kanisa bila kulikabidhi taifa kwa Kanisa. Katiba ya 2006 haikuwa na uangalifu huo: utangulizi wake unamtaja Mungu, ilhali ibara ya kwanza yatangaza dola isiyo ya kidini.

Mjini Goma, ambako jimbo Katoliki liliundwa siku ileile ya 30 Juni 1960, suala hili ni la tafsiri pia. Wimbo huimbwa kwa Kifaransa, na mzungumzaji wa Kiswahili huutafsiri moyoni. Akichagua "takatifu" ameingia kanisani. Akichagua "tukufu" amebaki chini ya bendera. "Baraka" humpokea Mkristo na Mwislamu. Mfasiri akiongeza "ya Mungu" atakuwa ametunga wimbo mwingine.

Hata hivyo, katika Kivu ya Kaskazini neno zito zaidi si Mungu bali "mababu". Sheria za uraia za 1972, 1981 na 2004 zilibishania hasa swali hilo: mababu wa nani, na walikuwapo tangu lini? Ile ya 1981 ilirudi hadi mwaka 1885. Basi Boka aliukwepa mgawanyiko wa madhehebu akaacha wazi mlango wa mgawanyiko wa nasaba.

Je, wimbo umeshindwa? La. Beti zake haziishii kwa mababu. Kiapo ni urithi wanaoachiwa vizazi vijavyo. Zawadi hupokewa kwa nasaba, lakini kiapo huapwa na kila aliye tayari kukitimiza. Mfasiri wa Kiswahili atakayelitia mkazo neno "kiapo" atakuwa ameuhifadhi Ukristo wa mtunzi palipo na manufaa, yaani katika ahadi, wala si katika ukoo.