Mstari wa Desibeli 65 Hautatufaa Kilwa

Ukipita barabara kuu yoyote ya nchi hii utakuwa umeziona: alama za X kwenye kuta za nyumba. Watu wa Kiranjeranje hawahitaji kuelezwa, maana kijiji kimekaa kandokando ya barabara iendayo Lindi. Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua hifadhi ikawa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, badala ya mita 22.5 za zamani, na hapo zikazaliwa rangi mbili. X nyekundu: wewe uliifuata barabara, bomoa, huna cha kudai. X ya kijani: barabara ndiyo iliyokufuata, subiri fidia.

Pamoja na machungu yake yote, mtindo huo una jambo moja zuri. Unauliza nani alimfuata nani, na unajibu kwa futikamba. Unaweza kubishana na afisa, lakini mita 30 ni mita 30.

Sasa hamia kwenye viwanja vya ndege. Kilwa Masoko na Lindi vimo katika orodha ya viwanja 11 vya mikoani ambavyo serikali ilivifanyia upembuzi yakinifu na usanifu ili viboreshwe, pamoja na Musoma, Iringa, Tanga, Songea na vinginevyo. Mtwara wenyewe walishatutangulia: njia yao ya kurukia ndege imerefushwa kutoka mita 2,258 hadi 2,800 ili ipokee ndege kubwa zaidi. Mimi sina ugomvi na hilo. Mgonjwa wa rufaa anahitaji ndege, na anayetaka kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, naye anaihitaji. Ugomvi wangu ni na kifaa kinachotumika duniani kuamua nani ataitwa jirani wa kelele na nani hataitwa. Kifaa hicho ni ramani ya kontua za kelele, na mstari wake maarufu kuliko yote ni ule wa desibeli 65.

Tuanze na desibeli zenyewe, kwa kifupi. Zinapanda kwa logarithimu. Ukiongeza desibeli 10, nishati ya sauti imekuwa mara kumi, ingawa sikio lako litasema imekuwa kama mara mbili tu. Ukiongeza idadi ya ndege mara mbili, wastani unapanda kwa desibeli 3 basi. Hiyo ya pili ishike vizuri, ndiyo yenye mchezo.

Ramani ya kontua haipimi kelele ya ndege uliyoisikia. Inachukua kelele ya ndege zote za siku nzima, inaisambaza sawasawa juu ya sekunde 86,400 za siku, halafu inakupa namba moja. Ndege za usiku, kuanzia saa nne hadi saa moja asubuhi, huongezewa desibeli 10, yaani moja huhesabiwa kama kumi. Nia ni nzuri.

Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme umekaa mahali ambapo kelele yote ya ndege moja inayopita, tangu unapoanza kuisikia hadi inapotoweka, ukiikandamiza iwe sekunde moja inafika desibeli 85. Hiyo ni kelele ya kukukatiza maneno ukiwa barazani. Kuisambaza juu ya siku nzima kunapunguza desibeli 49.4. Ndege nne za mchana zinaongeza desibeli 6. Jibu: karibu 42. Kwenye ramani, hapo ulipokaa ni kimya. Hata Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2018 lilipendekeza wastani wa kelele za ndege usizidi desibeli 45, halitakuhesabu.

Ndege zikifika 16 kwa siku, mara nne ya mwanzo? Desibeli 48. Umeuvuka mstari wa WHO, ila ule wa 65 bado uko mbali. Sasa geuza swali: zinahitajika ndege ngapi za aina hiyo ili ufike 65? Nimepiga hesabu mara mbili maana sikuamini: 864. Ndege moja kila dakika, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne usiku, kila siku ya Mungu. Kilwa Masoko!

Kwa hiyo ripoti yoyote itakayotumia mstari huo kwenye kiwanja kidogo, imeshajijibu kabla mpimaji hajatoa kipimo chake kwenye begi. Kontua itaishia ndani ya uzio, au itauvuka kwa hatua chache, kisha itaandikwa kwamba athari za kelele kwa makazi ni ndogo. Ni kweli kihesabu. Ni sawa na kumpima mtu joto la mwili kwa wastani wa mwaka, halafu ukamwambia hajawahi kuugua malaria.

Na huo 65 wenyewe ulitoka wapi? Marekani. Mwaka 1978 Theodore Schultz alikusanya tafiti za kelele za usafiri, ndege, barabara na reli kwa pamoja, akachora mchirizi mmoja wa kuonyesha ni watu wangapi kati ya mia wanaokerwa sana kwa kila kiwango cha kelele. Kwa mchirizi huo, uliokuja kufanyiwa marekebisho baadaye, kwenye desibeli 65 wanaokerwa sana ni kama 12 kwa kila 100. Tangu miaka ya 1980 mamlaka ya anga ya huko imeutumia mstari huo kusema makazi yanafaa wapi na hayafai wapi. Sasa sikia hili: mwaka 2021 mamlaka hiyohiyo ilitoa matokeo ya utafiti wake mpya, uliowahoji watu zaidi ya 10,000 kuzunguka viwanja 20. Kwenye desibeli 65, waliokerwa sana walikuwa zaidi ya 60 kwa kila 100. Yaani hata kwao mstari haukuwa ukisema walichodhani unasema. Sisi tuuazime wa nini?

Utaniambia nalalamika bila kutoa mbadala. Mbadala upo na si wangu. Sydney, Australia, walifungua njia ya tatu ya kurukia ndege mwaka 1994, wakiwa wamechora kontua zao vizuri kabisa. Ndege zikaanza kupita, na watu wa nje ya mistari, walioonyeshwa ramani wakatulia, wakaja juu. Seneti ikafanya uchunguzi. Mwaka 2000 wizara yao ya uchukuzi ikatoa andiko lililokiri jambo rahisi: mtu wa kawaida haulizi wastani wa nishati, anauliza ndege ngapi zitapita juu ya nyumba yangu, saa ngapi, na zitapiga kelele kiasi gani. Wakaja na kipimo walichokiita N70, yaani idadi ya ndege zitakazozidi desibeli 70 mahali ulipo kwa siku. Waliichagua 70 kwa sababu nyumba ya kwao huzuia kama desibeli 10 hata madirisha yakiwa wazi, kwa hiyo ndani inabaki 60, na 60 inatosha kuharibu mazungumzo.

Kwa kipimo hicho, yule jirani wetu wa desibeli 42 anaweza kuwa ni mtu wa ndege nne. Kesho ni wa 16. Namba hiyo haihitaji logarithimu, na bibi yako anaweza kukusahihisha ukiikosea.

Nyumba zetu nazo zina mambo yake. Dawa ya kawaida ya vitabu ni kuziba: vioo viwili dirishani, mlango mzito, hewa ya mashine. Nenda kaiambie nyumba ya pwani ya Lindi, yenye uwazi kati ya ukuta na paa ili joto litoke! Uwazi unaotoa joto ndio unaoingiza sauti. Darasa la shule ya msingi ni hivyohivyo, madirisha ya nondo bila vioo. (Najua, mwalimu yeyote ataniambia adui yake mkubwa ni mvua juu ya bati, na ni kweli, siku hiyo kipindi kimekwisha. Lakini mvua haina ratiba wala haiombi kibali cha mazingira.)

Darasa nimelitaja makusudi, kwa kuwa hapo ndipo ushahidi una nguvu. Uwanja wa zamani wa Munich, Ujerumani, ulifungwa mwaka 1992 na mpya ukafunguliwa kwingine, nao watafiti wakawafuatilia watoto wa pande zote mbili. Kusoma na kumbukumbu ya muda mrefu kulishuka kwa watoto waliopelekewa kelele, na kwa walioondolewa kukapanda. Utafiti mwingine, uliochapishwa 2005, ulichukua shule zilizo karibu na viwanja vya London, Amsterdam na Madrid. Kadiri kelele ya ndege ilivyozidi, ndivyo ufahamu wa kusoma ulivyopungua. Na Afrika? Durban walihamisha uwanja wao mwaka 2010, na timu ya Afrika Kusini ikawapima wanafunzi kabla na baada. Huko lugha ya nyumbani ilijitokeza kuwa na uzito mkubwa: anayesoma kwa lugha isiyo yake ana mzigo mwingine tayari kabla ndege haijapita. Mtoto anayetoka darasa la saba akaingia kidato cha kwanza na kukutana na masomo kwa Kiingereza angeweza kukueleza hilo bila utafiti. Ila viwanja vyote hivyo ni vikubwa, vina ndege nyingi. Kuchukua matokeo ya London na kusema ndege nne za Kilwa zitawaangusha watoto mtihani ni uongo, na sitausema.

Basi tatizo liko wapi kama leo ndege ni nne? Ni kwamba leo ndiyo siku ambayo ardhi bado ni rahisi. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lilipitisha mwaka 2001 utaratibu wa mambo manne ya kupunguza kelele: ndege zenyewe ziwe kimya zaidi, ardhi inayozunguka kiwanja ipangwe, marubani warushe kwa njia zenye nafuu, na mwisho kabisa, safari zizuiwe. La ardhi ndilo la bei nafuu kuliko yote, kwa sharti moja tu: uwahi kabla ya nyumba. Na hapo ndipo mstari wa 65 unapotuangusha. Wakati ambapo kupanga kunawezekana, unasema hakuna tatizo. Siku utakaposema tatizo lipo, viwanja vimeshauzwa, misikiti imejengwa, watu wamezikana humo.

Tunayo picha ya kufika umechelewa. Kipawa, Kigilagila na Kipunguni, kando ya uwanja wa Dar es Salaam, hakikuwa kisa cha kelele, kilikuwa kisa cha upanuzi. Tathmini ya mali ilifanyika 1997. Watu wa Kipawa walikuja kulipwa na kuhamia upande wa Pugu zaidi ya miaka kumi baadaye, na wenzao wa Kipunguni walisubiri zaidi ya miaka 20, huku wakiwa wameambiwa wasiendeleze nyumba zao. Fikiria kukaa miaka 20 bila kujua kama upake rangi ukuta!

Kwa hiyo ningependa kuona nini Masoko na Lindi? Ramani ya idadi ya ndege, iliyochorwa kwa wingi wa safari ambazo kiwanja kimesanifiwa kuzibeba na si kwa safari za leo, na yenye tarehe. Tarehe ndiyo muhimu, kwa sababu inafanya kazi ya rangi mbili za X: aliyejenga kabla alifuatwa, aliyejenga baada alifuata. Halafu iingizwe kwenye mpango wa matumizi ya ardhi, kule kunakosomwa mbele ya watu. Ripoti ya mazingira peke yake haitoshi, maana kuipata mpaka uandike barua. Eneo lililo chini ya njia ya kupaa liachiwe mikorosho, ufuta, maghala, mashamba ya chumvi. Mkorosho hausikii.

Ila mwenye mkorosho anasikia, na hapa sina jibu safi. Ukimwambia mtu shamba lako libaki shamba milele kwa ajili ya kelele itakayokuja, umemnyang'anya thamani ya kiwanja bila kumchukulia ardhi. Sheria zetu za ardhi za 1999 zinataka fidia kamili, ya haki na kwa wakati pale ardhi inapotwaliwa. Mtu huyu ardhi yake haijatwaliwa, amefungiwa tu asiitumie atakavyo.

Kuna mfugaji wa kuku wa Marekani, Thomas Lee Causby, aliyekuwa jirani wa kiwanja kilichotumiwa na ndege za jeshi wakati wa vita. Ndege zilipita futi 83 juu ya shamba lake, karibu mita 25, na kuku wakawa wanarukia kuta kwa hofu na kufa, hadi sita na hata kumi kwa siku, jumla kama 150. Akaacha biashara. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu ilisema serikali imechukua kitu chake, japo haijagusa hata kipande cha udongo, na anastahili kulipwa. Tume ya mpango kazi ikija kwenye mkutano mkuu wa kijiji chako na ramani, swali la kuwauliza ni hilo la kuku: hapa mlipotia rangi, mnachukua nini, na kinalipwa na nani, mwaka gani?