Barua za Walimu Vijana Watokao Ng'ambo

Kuna maandiko ya namna moja ambayo wasomaji wengi wa gazeti hili hawajapata kuyaona, ijapokuwa yanawahusu wao, na mashamba yao, na watoto wao. Ni barua, na shajara, na vitabu vya vijana wa Ulaya na Marekani waliokuja kufundisha katika shule zetu kwa kujitolea, mwaka mmoja au miwili, kisha wakarudi kwao. Huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kijerumani, husomwa na jamaa zao waliobaki nyumbani, wala hayarudi huku. Sisi tufundishao chini ya milima ya Uluguru tumepata kuyasoma kadha wa kadha, na kufanya kazi darasa kwa darasa na vijana wa namna hiyo. Basi twaona yafaa kuyapima hapa kama mtu apimavyo kitabu chochote: palipo na kweli tuisifu, palipopunguka tuonyeshe.

Maandiko haya si ya jana. Mwaka 1958 huko Uingereza Bwana Alec Dickson alianzisha chama kiitwacho VSO, na hao wa kwanza aliowapeleka ng'ambo walikuwa vijana waliomaliza shule tu. Mwaka 1961, ndio mwaka Tanganyika ilipojitawala, Rais Kennedy wa Marekani aliunda Peace Corps. Mwaka ule ule ukaanza mpango wa kuleta walimu wa sekondari katika Kenya, Uganda na Tanganyika, ukiongozwa na chuo cha ualimu cha Columbia kule New York. Peace Corps ilikaa kwetu hata mwaka 1969, ikaondoka, ikarudi mwaka 1979. Serikali ya Ujerumani nayo ilianzisha mwaka 2008 mpango uitwao weltwärts, wa vijana wa miaka 18 hadi 28. Kitabu cha Leonard Levitt, An African Season, kilichochapwa mwaka 1967, ni katika vile vya mwanzo vilivyotoka kwa kijana wa Peace Corps aliyefundisha nchini mwetu. Tangu hapo barua zimekuwa nyingi mno, na nyingi katika hizo zafanana kama mayai ya kuku mmoja.

Mlango wa kwanza huwa ni maji. Kijana hueleza jinsi anavyooga kwa kopo, na jinsi ndoo moja inavyompasa itoshe kupika, kuosha vyombo na kufua shati. Mlango wa pili ni giza: umeme umekatika, au haujafika, naye husahihisha madaftari kwa mwanga wa kandili. Kisha basi lililojaa, panya darini, homa ya malaria, ugali na maharage siku tano mfululizo, na watoto wanaomfuata njiani wakiita "Mzungu! Mzungu!" hata anatamani kujificha. Kadhalika saa: ameambiwa afike saa mbili asubuhi, naye ahesabuye saa tangu usiku wa manane hajui ni saa ipi. Hayo yote ni kweli, wala hatumcheki. Kijana wa miaka 22 aliyelelewa penye bomba jikoni, akaja akaketi peke yake katika nyumba ya mwalimu huko Matombo wakati wa masika, barabara imekatika kwa matope, ana haki ya kuandika kwamba alilia.

Walakini kasoro yaanza hapo hapo penye maji. Taabu huandikwa kana kwamba ilikuwa imemngoja yeye tu. Mto Ruvu hutoka katika milima hii yetu, nao ndio unywesha sehemu kubwa ya mji wa Dar es Salaam. Na bado mama wa mlimani hubeba ndoo kichwani. Mwandishi mwenye macho angeuliza jambo hili limekuwaje. Tena angeuliza ni nani aliyeileta ndoo yake. Mara nyingi ni msichana wa shule, aliyetumwa na walimu kabla ya kengele. Katika barua tulizosoma msichana huyo hupita bila jina, bila neno, kama ndoo yenyewe. Na mwalimu mwenyeji akaaye nyumba ya pili huteka penye chemchemi ile ile, ana mke na watoto wanne, wala hana tarehe ya kurudi mahali penye bomba. Pengine naye ni mgeni: ametoka Bukoba au Mtwara, hajui neno la Kiluguru, baridi ya Mgeta inamtetemesha vilevile. Barua hazimwoni mgeni huyu. Rangi yake humficha.

Jambo jingine la kupunguka ni kuwahurumia watu pasipo kuwajua. Kijana hukuta mwanafunzi ambaye mjomba wake ndiye mwenye kusema juu ya ada na shamba, mara huandika kwamba maskini mtoto ametupwa na baba. Asingeandika hivyo kama angalikaa barazani na wazee jioni mbili tatu. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ya milimani kwa desturi ni ya ukoo huo. Mjomba ana neno lake, na baba hakumtupa mtu. Peter Pels, Mholanzi aliyeandika juu ya Waluguru na wamisionari katika kitabu chake A Politics of Presence cha mwaka 1999, alichunguza jinsi watu wa pande mbili wanavyokutana, kila mmoja akimsoma mwenzake kwa alfabeti yake. Kitabu chake ni kigumu. Lakini mwalimu kijana akisoma hata mlango mmoja kabla ya kupanda mlima, angefuta kurasa kadha wa kadha za shajara yake.

Sasa tufike penye neno kubwa, nalo ni darasa.

Karibu kila mwandishi asema hivi: wanafunzi ni wapole, wana adabu, husimama mwalimu aingiapo, lakini hawaulizi swali. Ukiuliza kama wamefahamu, wote huitika kwamba wamefahamu. Ukitoa mtihani, huoni kitu. Kisha huandika sababu: wana haya, wamezoea kukariri, desturi yao haimruhusu mtoto kumuuliza mkubwa. Hapa twakanusha. Mtoto wa Kinole au wa Mgeta husikia Kiluguru kwa bibi yake, husoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, kisha akiingia Kidato cha Kwanza hukuta hesabu, na biolojia, na jiografia, na historia, yote yamegeuka Kiingereza kwa siku moja. Anyamazaye hapo hana haya, hana maneno. Mtoto huyo huyo umkute Jumamosi sokoni akiuza njegere na karoti. Umpe noti, umwambie wataka kilo moja na robo, naye atakuhesabia chenji kabla hujafunga mkoba, tena atakuuliza maswali matatu juu ya bei ya mjini. Je, desturi imemfunga mdomo wapi?

La ajabu ni kwamba mgeni huyu, kuliko mwalimu yeyote mwingine, amepewa njia ya kulifahamu jambo hili. Maana yeye mwenyewe ameonja. Amefundishwa Kiswahili majuma machache, akatumwa dukani, akasimama mbele ya muuza duka akijua kabisa anachotaka na asijue kukitaja. Akatikisa kichwa, akasema "ndiyo" kwa neno asilolielewa, akarudi nyumbani na chumvi badala ya sukari. Barua huisimulia habari hii kwa kucheka. Katika ukurasa mwingine zasimulia ukimya wa Kidato cha Kwanza kwa kusikitika. Waandishi wengi hawaunganishi kurasa hizo mbili. Wachache waliounganisha, barua zao ni za thamani. Maana wameandika jinsi walivyoanza kumwacha mtoto aeleze kwanza kwa Kiswahili, kisha wakatafuta pamoja maneno ya Kiingereza, na jinsi darasa lilivyofunguka. Hizo tungependa zifasiriwe na kusomwa vyuoni petu.

Juu ya fimbo hatutabishana nao. Wenzetu wengi hukasirika wanaposoma kwamba mgeni ameandika habari za watoto kuchapwa mbele ya ofisi ya walimu, husema ametudhalilisha. Lakini kanuni za elimu zetu wenyewe humruhusu mkuu wa shule tu, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, tena viboko visivyozidi vinne, na kwa kosa kubwa, na viandikwe katika daftari. Mgeni aliyeona darasa zima likichapwa kwa kukosa hesabu, akayaandika, ameandika yaliyo kweli. Lawama si ya kalamu yake.

Salamu tuzipite upesi. Wote hulalamika kwamba ni ndefu, na baada ya mwaka wote husema watazikosa.

Tukitaka kuona maandiko yaliyo bora kuliko haya, si lazima twende mbali. Karibu na mji wa Morogoro, pale Mazimbu, palikuwa na shamba la mkonge lililoachwa. Serikali ya Tanzania iliwapa watu wa ANC wa Afrika Kusini mwaka 1977, nao wakajenga chuo kilichoitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa huko Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Wanafunzi wengi walikuwa vijana waliokimbia kwao baada ya machafuko ya Soweto ya mwaka 1976. Walimu walipungua, wakaja wengine kutoka Ulaya kwa kujitolea. Basi pale palikuwa na jambo la pekee: mwalimu ni mgeni, na mwanafunzi ni mgeni vilevile, tena mwanafunzi hana ruhusa ya kurudi kwao. Mwaka 1992 chuo kilikabidhiwa kwa serikali yetu, na kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Habari zake zimeandikwa na Sean Morrow, Brown Maaba na Loyiso Pulumani katika kitabu Education in Exile, cha mwaka 2004. Twakisifu kwa sababu hakipambi. Chaeleza malaria, na upweke, na utovu wa nidhamu, na wasichana waliopata mimba, hata ikabidi kuwe na nyumba ya kuwalea wao na watoto wao. Walimu wa kigeni wamo, lakini hawakuketi katikati ya picha. Wamesimama penye nafasi yao, kando kidogo, wakifundisha. Msomaji hujua wanafunzi ni nani na walitaka nini. Katika barua za vijana wetu ni kinyume: twajua mwalimu alikula nini, hatujui mwanafunzi alitaka nini.

Mtu aweza kusema kwamba barua ya kwa mama si kitabu cha historia, na kijana hakuahidi kumwandikia mtu mwingine ila mama yake. Ni haki. Nasi twasadiki kwamba hata kijana wa Kiluguru akienda Ujerumani ataandika hivyo hivyo juu ya theluji, na chakula baridi cha jioni, na majirani wasiosalimiana ngazini. Tangu mwaka 2013 mpango ule wa weltwärts umefunguliwa upande wa pili pia, vijana wa nchi za kusini nao wakaenda kutumika huko. Tungefurahi barua zao zichapwe karibu na hizi za wageni wetu. Lakini barua nyingi za walimu hazikubaki kwa mama. Zimechapwa, zimesomwa na wale wanaojiandaa kuja, nao huja wakiwa wamekwisha kuiona nchi yetu kwa macho ya mtangulizi: ndoo, giza, watoto wasiouliza. Hapo ndipo barua inapokuwa kitabu, na kitabu hupimwa.

Na mlango tunaoutafuta zaidi katika maandiko haya, wala hatuupati, ni mlango wa mwisho. Wote huandika siku ya kuondoka: hotuba ya mkuu wa shule, kanga ya zawadi, machozi, ndege. Kitabu kinafungwa. Lakini darasa halikupanda ndege. Mwalimu wa hesabu aliyekuja kwa miaka miwili aliwachukua watoto tangu Kidato cha Kwanza, akawaacha wakiingia cha Tatu, na mtihani wa taifa uko Kidato cha Nne.

Mwezi wa Machi mwaka 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Peace Corps iliwaita nyumbani watu wake wote duniani, zaidi ya 7,000, kwa siku chache. Wengi hawakupata nafasi ya kuaga. Barua zilizoandikwa baada ya hapo zina huzuni ya kweli, na twazihesabu katika zilizo nzuri: maana kwa mara ya kwanza waandishi wanauliza juu ya waliobaki, na kutaja majina yao. Shule zetu nazo zilifungwa tarehe 17 Machi. Zikafunguliwa tena tarehe 29 Juni, wanafunzi wakarudi madarasani na madaftari yale yale, ukurasa wa mwisho ukiwa na mwandiko wa mwalimu aliyekwisha kwenda. Ni nani aliyesimama mbele yao asubuhi ile, na hesabu aliendelea nazo toka wapi, hakuna barua iliyotuambia. Hakuna aliyekuwapo wa kuiandika, ila walimu wenyeji, nao hawajaombwa na mtu barua.