Mama, Cheka Kidogo

Tafuta picha za upandaji mikoko Gazi, utakutana na ileile kila mara. Mama amejifunga leso, tope limemfika magotini, mkononi ana mbegu ndefu ya mkoko, na anacheka. Maelezo chini yake yanataja Mikoko Pamoja, hekta 117, kaboni inayouzwa tangu 2013, Tuzo ya Ikweta ya 2017, maji na vitabu vya shule vilivyopatikana. Yote kweli, na ni mambo ya kujivunia. Ila mama mwenyewe anaitwa "mwanakijiji". Mkoko umetajwa jina, yeye hapana.

Nasema haya nami nikiwa mshtakiwa. Nilipoacha chuo niliazima kamera, nikapata kibarua cha siku mbili kupiga wapandaji upande huo wa Msambweni. Niliagizwa nilete tope na tabasamu. Maji yalikupwa asubuhi mapema, na kazi ni mpaka yarudi, kwa hiyo hakuna kupumzika. Tope la mikokoni linakumeza mguu. Ukiuvuta, kiatu kinabaki. Mgongo nao, manze, uache tu.

Picha yangu bora ni ya mama mmoja aliyesimama, mikono kiunoni, akitazama miche ya awali iliyong'olewa na mawimbi. Itabidi aanze upya. Usoni kuna hasira, kuna hesabu. Hiyo ilikataliwa. Iliyopita ni ya pale nilipomwambia, "Mama, cheka kidogo." Akacheka, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiyo utaniletea?" Nikajibu, "Inshallah."

Sebastião Salgado, Mbrazili aliyepiga wafanyakazi dunia nzima, angeichukua ile ya kwanza. Wachimba dhahabu wake wa Serra Pelada wamebeba magunia hadi unahisi uzito shingoni. Mwaka 1998 yeye na mkewe Lélia walianzisha Instituto Terra, wakarudisha msitu kwenye shamba la wazazi wake, kwa hiyo upandaji aliujua. Lakini hata kwake majina ni haba. Susan Sontag alimlaumu kwa hilo 2003, akizungumzia picha zake za wahamaji, na namuunga mkono. Uzito bila jina ni nusu ya picha. Tabasamu la kuagizwa, bila jina, hata nusu haifiki.

Juzi nimezisafisha zote mbili, studio moja ya Ukunda. Nitamuuliza jina kwanza. Halafu achague, na huenda akaipenda ile ya kucheka.