Herufi Ngeni Katika Katalogi: Hati za Kasongo na Kabambare Mbele ya Kompyuta

Katalogi za vitabu vya kielektroniki zimewazoesha wasomaji alama zisizomo katika lugha yoyote. Neno la Kifaransa Académie hutokea likiwa AcadÃ©mie. Jina Muḥammad hugeuka Muá¸¥ammad. Aghalabu jambo hili huhesabiwa kuwa ugonjwa wa mashine, na dawa yake huwa kufuta kila alama isiyofahamika. Kwa mtafiti wa Kiswahili cha Maniema ya kusini, dawa hiyo yaweza kuwa mbaya kuliko maradhi yenyewe.

Asili ya kosa si ngumu kueleza. Kompyuta haihifadhi herufi bali namba, na namba hizo husomwa kwa kufuata jedwali maalumu. Katika mpango wa UTF-8 herufi é huchukua baiti mbili. Programu inayotumia jedwali la Windows-1252 huzisoma kama herufi mbili, Ã na ©. Rekodi za zamani zilizofuata MARC-8 zina kioja cha aina yake: humo alama ya mkazo huitangulia herufi yake, hivyo Académie ikisomwa kwa jedwali la Latin-1 huwa Acadâemie. Katika MARC 21, nafasi ya 09 mwanzoni mwa rekodi hutaja mpango uliotumika: herufi a ni Unicode, nafasi tupu ni MARC-8. Uchunguzi uanzie hapo. Maadamu baiti za awali zimesalia, neno laweza kurudishwa. Mkutubi akishaweka alama ya kuuliza mahali pake, hakuna programu itakayotambua kama palikuwa na ḥ au ī.

Hata hivyo, si kila umbo geni limeletwa na kompyuta, na katika nukta hii mafundi hupotoka. Vita vya 1892 hadi 1894 viliuangusha utawala wa Waarabu na Waungwana katika Kasongo na Kabambare. Hati nyingi za zama hizo, za Kiarabu na za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, zimo leo katika hifadhi za Ubelgiji. Xavier Luffin alizichunguza tofauti za tahajia yake katika makala ya mwaka 2014, kisha akatoa kitabu juu ya hati za 1880 hadi 1899, kilichochapishwa Brussels mwaka 2020.

Katika mwandiko wa kale, ba yaweza kusimama badala ya b, p au mb. Fa badala ya f au v. Ghaini badala ya g, gh au ng. Jina Kabambare lina b na mb pamoja, kwa hiyo asiyeijua nchi aweza kulisoma Kababare, hata Kapambare, bila kuikosea herufi hata moja. Kasongo nayo yaweza kuwa Kasogo. Baadhi ya waandishi waliongeza nukta kwa mfano wa Kiajemi ili kuitofautisha p. Wengine waliona msomaji anajitosheleza, na msomaji wao alijitosheleza kweli, kwa kuwa aliujua mji.

Umbo kama Kapambare likionekana katika rekodi, hakuna jedwali la baiti litakalolitengeneza: ni usomaji wa mtu. Maisha ya Tippu Tip yenyewe yaliwafikia wasomaji kwa njia hiyo, kupitia unukuzi wa Heinrich Brode wa 1902 na 1903, na kila herufi ya Kilatini humo ni uamuzi wa mnukuzi. Kulisahihisha umbo hilo kimyakimya ni kufuta ushahidi wa kiisimu. Kuliacha peke yake ni kumnyima mwanafunzi wa Kabambare, anayetafuta mji wake kwa tahajia aijuayo, hati iliyomo katika orodha.

Unicode inazo پ na چ, na MARC 21 ina uga wa 880 kwa ajili ya mwandiko wa asili. Inafaa umbo la Kiarabu liwekwe humo kama mwandishi alivyoliandika, unukuzi wa mhariri ubaki na jina lake, na Kabambare iongezwe kama kiingilio cha kutafutia.