Zimwi Nje, Mawaziri Kikaoni

Anayeingia kuitazama Shin Godzilla kwa hamu ya kuona majengo yakianguka atalazimika kwanza kuhudhuria vikao. Filamu hiyo ya Kijapani, iliyotoka mwaka 2016 chini ya waongozaji Hideaki Anno na Shinji Higuchi, inalileta zimwi katika Ghuba ya Tokyo, kisha inageuza kamera na kuielekeza mezani. Bahari inachemka, mawaziri wanajadiliana ni wizara ipi inayohusika. Kila mkubwa anayejitokeza anaandikiwa jina na cheo chake kwenye kioo, na vyeo vingine ni virefu hata vinatoweka kabla havijasomwa. Wanaitwa wataalamu watatu, nao hawana la maana la kusema. Waziri Mkuu Okochi anasimama mbele ya waandishi wa habari kulihakikishia taifa kwamba kiumbe hicho hakitapanda nchi kavu. Papo hapo msaidizi anamnong'oneza: kimeshapanda.

Mtazamaji wa Kijapani hakuhitaji kufasiriwa. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ardhi na tsunami viliangamiza maelfu ya watu na kukiharibu kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi, na taifa likawaona viongozi wake kwenye televisheni, wamevaa sare za kazi za buluu, wakieleza mambo ambayo wenyewe walikuwa hawajayaelewa. Mawaziri wa filamu hii nao huvaa sare za namna hiyo, ingawa kazi yao ni kutoka chumba kimoja cha mikutano na kuingia kingine. Godzilla wa kwanza, wa Ishirō Honda, alitoka mwaka 1954, mwaka uleule ambao bomu la haidrojeni la Marekani lilijaribiwa Bikini na majivu yake yakawaangukia wavuvi wa Kijapani. Yule alikuwa maombolezo. Huyu wa 2016, aliyelishwa taka za nyuklia zilizotupwa baharini, anakuja na mashtaka dhidi ya wakubwa wa nyumbani.

Hata hivyo kejeli yake haina pupa. Helikopta za kijeshi zinapolilenga zimwi mara ya kwanza, ombi la kufyatua linapanda ngazi kwa ngazi, kutoka kwa rubani hadi kwa Waziri Mkuu, na jibu linashuka kwa ngazi zilezile. Hadhira inacheka. Ghafla wanaonekana wazee wawili kwenye njia ya reli, mmoja amembeba mwenzake mgongoni, na Okochi anakataa kupiga. Zimwi linarudi baharini salama, litakuja kuua wengi zaidi. Ngazi ileile iliyochekesha ndiyo iliyowaokoa wale wawili. Filamu haisemi kama huo ni udhaifu au utu, na hapo ndipo ilipo bora kuliko mahali pengine popote.

Ubora huo haudumu. Zimwi linaporejea, miale yake inaipiga helikopta iliyowabeba Waziri Mkuu na mawaziri wakuu, na usiku mmoja wakubwa wote wanaondoka. Kuanzia hapo mambo yanakwenda: Rando Yaguchi, kijana wa ofisi ya Baraza la Mawaziri, pamoja na kundi lake la maofisa wakaidi, wanafanya hesabu, wanalala ofisini, wanapata dawa ya kuligandisha zimwi. Ni kusisimua, lakini pia ni kukwepa. Swali la Fukushima lilikuwa nani atawajibika. Humu hakuna anayehojiwa, hakuna anayepigiwa kura ya kuondolewa. Wazee wamefutwa kwa moto na nafasi zao zimebaki wazi. Zimwi limefanya kazi ya bunge. Raia wao hukimbia au hulala kwenye kumbi za wakimbizi, wakingoja kuokolewa. Wanaoiona filamu hii kuwa wimbo wa kuisifu dola hawakuisoma vibaya.

Walichokipita haraka ni Satomi. Waziri huyu wa kilimo alikuwa safarini ng'ambo, ndiyo sababu yu hai, na anapokaimu uwaziri mkuu jambo linalomsikitisha ni tambi zake zilizolainika kwa kungoja. Anaonekana kikaragosi. Lakini mataifa makubwa yanapopanga kuipiga Tokyo kwa bomu la nyuklia, ni yeye anayemwinamia balozi wa Ufaransa, kwa muda mrefu, bila kuinua kichwa, ili mji upate saa chache. Itifaki iliyokuwa kichekesho imekuwa silaha. Saa hizo ndizo zinazowapa nafasi madereva wa malori ya pampu, yanayofanana na yale yaliyomwaga maji Fukushima, kuijaza dawa kinywani mwa zimwi. Kundi la kwanza linateketea. La pili linasogea.

Katika ngano za Kiswahili, zimwi lililomeza kijiji hupasuliwa, na waliomezwa hutoka wakiwa hai. Godzilla wa Anno na Higuchi hapasuliwi. Amesimama ameganda katikati ya Tokyo, na picha ya mwisho inapanda polepole hadi ncha ya mkia, ambako maumbo kama ya binadamu yalikuwa yameanza kuchomoza, mikono imenyooshwa, yakaganda kabla hayajatoka.