Kidani cha Maiti: Nywele na Umiliki katika Wuthering Heights

Kwa kawaida, vito vya maombolezo vya Uingereza ya karne ya 19 vilimvisha aliye hai nywele za marehemu. Katika Wuthering Heights (1847), Emily Brontë anaupindua utaratibu huo: kidani kiko shingoni mwa marehemu Catherine, na nywele zilizomo ni za mumewe aliye hai, Edgar. Heathcliff anazitupa na kutia zake nyeusi. Nelly anazisokota pamoja na kuzirudisha ndani. Kukisoma kidani hiki kama ishara ya mapenzi pekee hakutoshi. Ni hati ya umiliki inayogombewa na wanaume wawili, ilhali marehemu mwenyewe hana kauli. Uamuzi wa mwisho unatolewa na mtumishi, bila kumshauri yeyote.